Kutunza na Kuboresha Impreza WRX ya Zamani Ukiwa Nakuru au Kisumu

Mwongozo huu unamhusu mtu anayemiliki Subaru Impreza WRX iliyotoka kiwandani kati ya mwaka 2000 na 2007, ile yenye injini ya EJ205 ya lita 2, silinda nne zilizolala mbili mbili kila upande, na turbo moja. Mwenye Forester ya turbo ya miaka hiyo anaweza kuufuata pia kwa sehemu kubwa, kwa sababu injini ni ile ile. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lenye zaidi ya miaka 8, magari haya yote yamo nchini tangu zamani. Mengi yamepita mikononi mwa wamiliki watatu au wanne, na mara nyingi hakuna ajuaye mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, au kama uliwahi kubadilishwa.

Wengi wetu tulilipenda gari hili kwa sababu ya Safari Rally, ambako Colin McRae alishinda na Impreza mwaka 1997 na Richard Burns akashinda tena mwaka 2000. Si vibaya, ila ikumbukwe kwamba magari yale yalikuwa na kikosi cha mafundi kikiyasubiri kila kituo, na langu na lako yana fundi mmoja ambaye Jumapili hapokei simu.

Kuna mambo mawili ambayo lazima yatangulie mengine yote. La kwanza ni petroli. Gari lililoletwa moja kwa moja kutoka Japani liliwekewa kompyuta iliyoandikwa kwa petroli ya daraja la juu ya kule, ambayo kwa kawaida huwa na okteni (kipimo cha petroli kustahimili kubanwa bila kujiwakia) 98 hadi 100, ilhali super tunayojaza hapa ni ya okteni 93. La pili ni mwinuko. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Kisumu takriban mita 1,130, na kwa hiyo hewa ya Nakuru ina kanieneo karibu asilimia 80 tu ya ile ya pwani, na ya Kisumu karibu asilimia 87. Anayeanza kununua vifaa vya kuongeza nguvu kabla ya kuyapa mambo haya mawili haki yake anajiandalia bili ya injini nyingine.

Hatua ya kwanza: Pima kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) kabla ya kununua chochote

Pasha injini moto hadi ifikie joto lake la kawaida, izime, kisha toa fyuzi ya pampu ya petroli na uchomoe plagi zote nne. Silinda ya 1 na ya 3 ziko upande wa kulia ukiwa umekaa ndani ya gari, na ya 2 na ya 4 ziko kushoto. Upande wa kulia utalazimika kutoa kasha la kichujio cha hewa. Upande wa kushoto toa betri na chupa ya maji ya kuoshea kioo, uiegemeze betri mahali ambapo bado utaweza kuiunganisha. Nafasi kati ya injini na chuma cha bodi ni finyu, kwa hiyo andaa vipande viwili vifupi vya kurefushia spana pamoja na kiungo cha kupinda, maana kipande kimoja kirefu hakitaingia. Funga geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi, mtu akanyage pedali ya mafuta hadi mwisho huku akiwasha stata, injini ijizungushe mara tano au sita kwa kila silinda, nawe uandike namba kwenye karatasi.

Hapa ndipo watu wengi wa Nakuru wanapodanganywa, mara nyingine na fundi ambaye mwenyewe hajui kwamba anadanganya. Kitabu cha gari kinataja takriban psi 142 hadi 171, lakini namba hizo ni za usawa wa bahari. Silinda hubana hewa iliyopo, na hewa ya Nakuru ni nyepesi, hivyo injini nzima kabisa itasoma kama psi 114 hadi 137. Nilipolinunua gari langu, fundi mmoja alipima, akapata psi 118, 120, 121 na 119, akatikisa kichwa, akaniambia nianze kutafuta injini ya kutoka Japani. Nililala na hesabu hiyo siku tatu kabla ya kuketi na kuzidisha 0.8 mwenyewe. Injini ile ingali inatembea. Kinachopaswa kukutia wasiwasi zaidi kuliko ukubwa wa namba ni tofauti baina ya silinda: ikiwa moja iko chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 10, tia kijiko cha oili ndani ya silinda hiyo na upime tena, ingawa katika injini ya kulala oili hukusanyika upande wa chini na jibu lake si la kuaminika sana. Namba ikipanda, shaka ringi za pistoni; isipopanda, shaka valvu.

Kabla ya kurudisha plagi zikague. Rangi ya hudhurungi hafifu ni njema, nyeusi yenye unyevu ni oili, na vidoa vidogo vinavyong'aa kama chengachenga za fedha kwenye kauri ni aluminiamu ya pistoni inayoliwa na mgongo wa moto, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli kujiwakia wenyewe kabla ya wakati. Ukiona hivyo vya mwisho, usiendeshe gari kwa kasi hata siku moja hadi umalize hatua ya petroli hapa chini. Pengo la plagi liwe milimita 0.7 hadi 0.8, na plagi ikazwe kwa Nm 21 pekee. Uzi wa kichwa cha silinda ni wa aluminiamu na hausamehe mkono mzito.

Hatua ya pili: Oili

Badilisha oili na kichujio chake kila kilomita 5,000, na usikubali kusogeza hadi 10,000 hata kama chupa imeandikwa hivyo, kwa sababu oili hiyo hiyo ndiyo inayopita ndani ya turbo yenye joto kali. Unene wa 5W-40 au 10W-40 unafaa hali ya hewa yetu kwa gari lililotembea sana. Injini huchukua zaidi kidogo ya lita 4, lakini usiamini chupa, amini kijiti. Na kijiti cha gari hili kina kigeugeu chake, kwani injini ya kulala hurudisha oili polepole. Zima, subiri dakika kumi gari likiwa mahali tambarare, futa kijiti, kisha soma pande zote mbili na uchukue ile iliyo chini. Umbali kati ya alama ya chini na ya juu ni takriban lita moja.

Injini hizi hunywa oili, na mwenye gari asiyepima kila wiki ndiye baadaye anayesema kwamba injini imenoki ghafla. Hainoki ghafla. Kinachotokea ni kwamba oili imeshuka hadi nusu, gari likipinda kona kali kule Mau Summit oili inakimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), bomba linaloifyonza linavuta hewa, na bearingi za konrodi zinakauka kwa nukta chache tu. Bomba lenyewe lina sifa ya kupasuka kwenye kiungo chake, hivyo siku sampu itakapotolewa kwa sababu yoyote ile, likague au ulibadilishe kabisa.

Hatua ya tatu: Mkanda wa taimingi

Kiwanda kilipanga mkanda ubadilishwe kila kilomita 100,000. Kwa gari lisilo na historia, hesabu ni sufuri: badilisha sasa. Mkanda ukikatika valvu hugonga pistoni na vichwa vyote viwili vya injini hufunguliwa. Pamoja na mkanda nunua puli zake zote, ikiwemo ile yenye meno, kikaza mkanda, pampu ya maji, na sili za mbele za kranki na kamshafti. Watu huacha puli kuukuu ili kuokoa shilingi elfu chache. Katika magari niliyoyaona yakifunguliwa, ni puli iliyoganda ndiyo iliyokata mkanda mpya.

Baada ya kutoa puli ya kranki na vifuniko, zungusha kranki taratibu hadi alama zilingane. Angalia vizuri hapa. Kwenye gia ya kranki kuna mshale mkubwa uliochongwa usoni, na kila mtu huuona huo kwanza. Mshale huo si alama ya taimingi. Alama ya kweli ni mkato mdogo kwenye ukingo wa nyuma wa gia hiyo, nyuma ya meno, nao ndio unaopaswa kukaa saa sita juu, ukielekeana na alama ya kwenye injini. Kwenye gia nne za kamshafti, mistari miwili miwili ya gia za upande mmoja hutazamana pale zinapokutana. Zote zikikaa hivyo, pistoni ziko katikati ya safari zake, jambo linaloshangaza anayetoka kwenye injini za Toyota akitafuta pistoni ya kwanza iwe juu kabisa.

Kamshafti za upande wa kushoto, zikiwa kwenye alama, zinasukumwa na springi za valvu. Ukitoa mkanda bila kuzishika, zinaweza kufyatuka, valvu zikagongana zenyewe kwa zenyewe na kupinda hata kabla injini haijawashwa. Kifaa cha kuzishika kinauzwa, na rafiki mwenye mikono imara na spana mbili anaweza kuziba nafasi yake ikiwa hana haraka. Kikaza mkanda nacho kibanwe kwenye jiriwa kikiwa kimesimama wima, polepole, kwa dakika kadhaa, hadi tundu zilingane upitishe pini. Ukikibana kwa nguvu mara moja unaharibu sili yake ya ndani na kitavuja baada ya mwezi.

Vuta mkanda kwa mpangilio wa mishale na mistari iliyochapishwa juu yake, hesabu meno kati ya alama kama kitabu kinavyoonyesha, toa pini, kisha zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili kuelekea upande wa saa. Ukikutana na kizuizi kigumu, acha hapo hapo na urudi mwanzo. Baada ya mizunguko hiyo mistari iliyochapishwa kwenye mkanda haitalingana tena na gia, nayo si kosa. Zilizo muhimu ni alama za gia zenyewe.

Hatua ya nne: Maji ya injini

Maji huchemka Nakuru kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachozuia injini yako isichemke ni shinikizo linalohifadhiwa na kifuniko cha mfumo, na kifuniko kilichochoka ambacho Mombasa kingevumilika, huku juu kinaweza kukuchemshia gari kwenye mlima wa kwanza. Gari hili lina vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye tangi dogo lililo juu karibu na turbo, navyo havilingani kwa nguvu, hivyo visibadilishane nafasi. Badilisha vyote viwili. Ni spea rahisi kuliko zote katika mwongozo huu.

Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa ya kuwekea betri, jumla takriban lita 7 na nusu. Maji ya visima vya Bonde la Ufa yana madini mengi, floraidi ikiwemo, na hayafai kuingia kwenye injini ya aluminiamu. Jaza kupitia tangi la juu, taratibu, pua ya gari ikiwa imeinuliwa kwa jeki na kuegemezwa kwenye stendi, ukiwa umelegeza skrubu ya kutolea hewa iliyo kwenye kona ya juu ya rejeta. Funga skrubu maji yanapotoka bila mapovu, washa injini hita ikiwa kwenye joto kali, na uendelee kuongeza hadi hita itoe hewa moto isiyokatika. Hita ikitoa baridi ilhali geji iko katikati, bado kuna hewa ndani. Mapovu yasiyoisha kwenye chupa ya akiba hata baada ya siku mbili yanaashiria gasketi ya kichwa.

Hatua ya tano: Petroli na mgongo wa moto

Injini isiyo na turbo husamehewa petroli duni na mwinuko wenyewe, kwa sababu hewa kidogo inayoingia haibanwi kwa nguvu. Turbo huondoa msamaha huo. Ili kufikisha ndani ya injini shinikizo lile lile ambalo pwani hupatikana kwa bar 0.9, turbo ya pwani huzidisha hewa mara 1.9 hivi; Nakuru inalazimika kuizidisha karibu mara 2.4, na Kisumu mara 2.2. Inazunguka kwa kasi zaidi, inapasha hewa moto zaidi, na hewa hiyo moto inakutana na petroli ya okteni 93. Ndipo mchanganyiko unapojiwakia wenyewe kabla ya wakati, na mlio wake ni kama punje za mahindi zinazotikiswa ndani ya mkebe.

Kompyuta ya gari ina sensa inayousikia mlio huo na kurudisha nyuma wakati wa cheche, lakini hufanya hivyo baada ya mgongo kutokea. Kwa hiyo jaza petroli ya daraja la juu panapopatikana, na utafute mtu mwenye vifaa vya kusoma kompyuta akuandikie ramani inayokubali okteni 93: cheche ichelewe kidogo, shinikizo lishuke kidogo, na mchanganyiko uwe na petroli ya kutosha, kiasi cha sehemu 11 hadi 11.5 za hewa kwa moja ya petroli turbo inapovuta kikamilifu. Utapoteza nguvu kidogo kwenye karatasi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo pesa bora kuliko zote utakazotumia kwenye gari hili, nami naiweka mbele ya ekzosi, mbele ya rimu, na mbele ya kila kinachong'aa.

Kichujio cha hewa kiwe cha karatasi ndani ya kasha lake la kiwandani. Kile cha koni kilicho wazi hufyonza hewa moto ya chini ya boneti, na vumbi la Gilgil na Elementaita ni jeupe na kali. Udongo wa Kariandusi huchimbwa ili kutengenezea vichujio, lakini ukiingia ndani ya turbo hugeuka msasa. Kikague kichujio kila kilomita 5,000.

Breki na miguu ya gari

Sehemu hii ni fupi kwa kuwa haina siri. Anayeteremka kutoka Sachang'wan kuelekea Salgaa, au kutoka Kericho hadi Awasi na Ahero, ashuke kwa gia, na oili yake ya breki iwe DOT 4 iliyobadilishwa ndani ya miaka 2, kwa sababu ikishafyonza unyevu kiwango chake cha kuchemka kinaweza kushuka kutoka nyuzi 230 hadi 155. Weka padi bora kabla ya diski kubwa. Bushi zote za mikono ya chini zikipasuka, badilisha kwa za mpira. Usilishushe gari, matuta yetu hayakubali.

Kuongeza nguvu

Ukishafika hapa na injini bado nzima, funga geji tatu: ya shinikizo la turbo, ya joto la oili na ya uwiano wa hewa na petroli. Kisha badilisha bomba la ekzosi linalotoka kwenye turbo liwe pana zaidi, kwa sharti kwamba ramani ya kompyuta irekebishwe siku hiyo hiyo, maana bomba pana huipa turbo uhuru wa kupita kiwango ilichopangiwa. Silensa ibaki. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele zinatambua kelele kupita kiasi kuwa kosa, na zaidi ya hayo jirani wa mtaa wa Section 58 hana haja ya kujua umerudi saa ngapi. Pampu ya petroli yenye uwezo zaidi ifuate, na kipoza hewa kilicho juu ya injini kisafishwe na kukaguliwa mipira yake. Turbo kubwa zaidi siipendekezi kwa EJ205 ya wamiliki wanne, kwa kuwa kingo za silinda zake hazijashikwa juu na pistoni zake ni za kawaida.

Ukiamua kuweka injini nyingine, hifadhi hati zake za kuingizwa nchini na upeleke mabadiliko hayo NTSA ili namba mpya iingie kwenye kumbukumbu za gari. Vivyo hivyo kwa rangi.

Mwisho ni jaribio la barabarani. Ramani iliyoandikwa Nakuru asubuhi ya baridi haijathibitishwa. Teremka na gari hadi Ahero adhuhuri, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30 na hewa nzito zaidi, ukiwa umefunga kifaa cha kurekodi. Mahali palipo wazi na pasipo na watu, vuta gia ya tatu mara moja kutoka mizunguko 2,500 hadi 6,000, kisha egesha uone kompyuta imerudisha cheche nyuma mara ngapi, na shinikizo lilipanda kiasi gani juu ya lile la Nakuru. Likiwa limepanda kwa zaidi ya bar 0.1, rudi kwa aliyeandika ramani kabla ya kujaza tangi tena.